Kioo Cheusi Si Kifo cha Kompyuta

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Bwana Mhariri,

Tafadhali nipe nafasi katika gazeti letu la muhula huu nipate kutoa maoni yangu juu ya jambo moja ambalo huenda wengine wakaliona dogo. Jambo lenyewe ni desturi tuliyo nayo, wakubwa kwa wadogo, kwamba kompyuta mpakato ikiwashwa na kioo chake kikabaki cheusi, mara moja twasema, "Imekufa," kisha twaanza kumtafuta aliyeiua. Mimi nasema desturi hiyo haifai. Yatupotezea fedha, na lililo baya zaidi, yamwonea mtu.

Nitaeleza kwanza yaliyotokea hapa kwetu, maana maoni yasiyo na mfano ni kama mchuzi usio na chumvi.

Muhula uliopita, baada ya mkutano wa wazazi, kompyuta ya chumba cha walimu iliyotumiwa ukumbini pamoja na projekta ilirudishwa ofisini na msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, mwanachama wa chama chetu cha kompyuta. Asubuhi yake mwalimu aliiwasha ili amalize kuandika alama za muhula. Kioo kilikuwa cheusi kama chungu cha kupikia. Alama za madarasa manne zilikuwa humo ndani, na ripoti zilitakiwa kutolewa siku ya Ijumaa.

Msichana yule akaitwa.

"Ulipoibeba jana ulijikwaa?"

"Hapana, mwalimu."

"Uliigonga mlangoni?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi jana ilikuwa nzima, leo ni mbovu, na aliyeishika katikati ni wewe. Tuseme nani?"

Hakuwa na la kujibu. Fundi mmoja wa mjini akaletwa. Alibonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili, akatikisa kichwa, akasema kioo kimekufa na kinunuliwe kingine. Haikupita dakika tano. Msichana akapewa barua ampelekee mama yake, anayeuza vitumbua pale stendi. Kesho yake mama akaja, akawaamkia walimu kwa adabu, akasema, "Mwanangu ananiambia hakuiangusha, nami namjua mwanangu. Lakini mkisema nilipe, nitalipa. Naomba tu nilipe kidogo kidogo."

Hapo ndipo mwalimu wetu wa Fizikia aliposema, "Kabla hatujamtoza mama huyu, tuiulize kwanza kompyuta yenyewe." Ilimchukua robo saa kuiuliza, na majibu yake nitayaeleza mbele. Lakini kwanza yafaa tujue kioo hiki ni kitu gani, kwa sababu asiyejua kitu kilivyo hawezi kujua kimeugua wapi.

Wengi wetu hudhani kwamba kioo ndicho kompyuta. Sivyo. Kioo ni kama uso wa mtu. Mtu akifunikwa uso kwa kitambaa, moyo wake hausimami, wala hasahau aliyoyasoma. Kazi na hesabu zote hufanyika sehemu ya chini, penye vitufe, na maandishi yetu yote yamehifadhiwa kwenye diski iliyomo humo humo. Kwa hiyo kioo kikizimika, alama za mitihani hazikuzimika nacho.

Tena, kioo cha kompyuta zetu nyingi hakina nuru yake chenyewe. Ndani yake mna maji ya ajabu yaitwayo kristali maji, ambayo mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, aliyagundua mwaka 1888 alipokuwa akichunguza dutu iliyotokana na karoti. Miaka 80 ilipita kabla ya kampuni ya RCA huko Marekani kuonyesha hadharani, mwaka 1968, jinsi ya kuyatumia kuchora picha. Lakini kristali maji hazitoi nuru. Kazi yake ni kuizuia au kuipitisha tu, kama mapazia ya dirishani. Nuru yenyewe hutoka kwenye taa zilizowekwa nyuma au pembeni mwa kioo. Zamani taa hiyo ilikuwa mrija mwembamba, ndugu wa taa ndefu za darasani; siku hizi ni vijitaa vidogo vya LED. Basi picha yaweza kuwapo kamili, lakini taa ikiwa imezimika, macho yetu yataona giza. Ni kama kuandika ubaoni usiku: maandishi yapo, mwanga ndio haupo.

Sasa twaweza kuona kwamba "kioo cheusi" si ugonjwa mmoja. Ni dalili, kama homa. Homa yaweza kuwa malaria, na yaweza kuwa jino. Tabibu anayetoa dawa ya malaria kwa kila homa hafai, na fundi anayeuza kioo kipya kwa kila kioo cheusi ni yeye yule.

Nitaeleza mpango wa kupima kama mwalimu alivyotuonyesha, kuanzia mambo yasiyogharimu kitu hata yale yanayohitaji fundi.

Kwanza, tuulize kama kompyuta ina uhai. Je, taa yake ndogo yawaka? Je, feni yasikika ikivuma? Kibonyeze kitufe kilichoandikwa Caps Lock: kama kina kijitaa, nacho chawaka na kuzimika kila ukibonyeza, jua kwamba ubongo unafanya kazi na taabu iko njiani kuelekea kwenye kioo. Kama hakuna taa wala sauti yoyote, hilo ni jambo la umeme, nalo lina maswali yake: tundu la ukutani, waya, chaja, betri.

Pili, tutazame mwangaza. Katika safu ya juu ya vitufe mna viwili vyenye alama ya kijua. Kimoja hupunguza nuru na kingine huiongeza, na katika kompyuta nyingi hapana budi kushikilia kitufe cha Fn kwa wakati huo huo. Mkono ukipita vibaya, nuru yaweza kushuka kabisa. Itakuwa aibu iliyoje kununua kioo kipya kwa sababu ya kitufe kimoja!

Tatu, tuchomoe kila kilichochomekwa: waya wa projekta, flashi, kipanya. Kompyuta yaweza kuamriwa ipeleke picha kwenye projekta peke yake, na ikitii amri hiyo kioo chake chenyewe hubaki giza. Amri hiyo hubadilishwa kwa kushikilia kitufe chenye picha ya dirisha na kubonyeza herufi P. Hali kadhalika tuondoe simu au kitu chochote chenye sumaku kilicholazwa juu ya vitufe. Kompyuta nyingi hujua kwamba zimefunikwa kwa kuhisi sumaku ndogo iliyo katika kifuniko. Zikikutana na sumaku nyingine huenda zikadhani zimefunikwa, zikalala.

Nne, tuipumzishe. Izimwe kabisa, chaja ichomolewe, na betri itolewe kama ni ya kutoka. Kisha kitufe cha kuwashia kishikiliwe kwa nusu dakika hivi, ili umeme uliosalia ndani uishe. Halafu chaja irudishwe na kompyuta iwashwe. Jambo hili laonekana kama uganga, lakini mara nyingi hufaa. Ila tukumbuke kwamba kazi ambayo haijahifadhiwa itapotea.

Tano, tutazame kwa makini wakati wa kuwasha. Kama jina la kiwanda latokea kwanza na giza laja baadaye, basi kioo, taa na waya wake vyafanya kazi. Taabu imo katika programu. Kwa kompyuta za Windows 10 na 11, twaweza kushikilia pamoja kitufe cha dirisha, Ctrl na Shift, kisha kubonyeza B. Hiyo huiamsha upya programu inayoendesha picha. Isipofaulu, mwalimu wa kompyuta ataiwasha katika hali salama na kuitengeneza. Mtu akiuza kioo hapo, ameuza kiatu kwa mgonjwa wa macho.

Sita, tuchukue tochi. Chumba kiwe na giza, kompyuta iwe imewashwa, na tochi imulikwe juu ya kioo kwa upande, karibu karibu. Ukiona picha hafifu kama kivuli, basi picha ipo na nuru ndiyo iliyokosekana. Kwa kompyuta chache za bei kubwa ambazo kila kitone cha kioo hujiwakia chenyewe, kipimo hiki hakifai. Lakini kwa hizi zetu kinafaa sana.

Saba, tuiunganishe na projekta, televisheni au kioo kingine. Huenda ikabidi kubonyeza kitufe cha dirisha na P ndipo picha ivuke. Ikionekana huko, kiwiliwili cha kompyuta ni kizima, na taabu imo katika kioo, taa zake au waya wake. Na hapo hapo, kabla ya jambo jingine lolote, tunakili kazi zetu kwenye flashi. Ikikosekana huko pia, yaelekea taabu imo ndani, katika kumbukumbu za kompyuta au ubao wake mkuu, na hiyo ni kazi ya fundi.

Nane, tukisogeze kifuniko pole pole, mbele na nyuma, huku tukitazama. Waya unaopeleka picha na umeme kwenye kioo hupita katika bawaba. Kila tunapofunua na kufunika, waya ule hukunjwa na kunyooshwa. Nuru ikija na kwenda kadiri kifuniko kinavyosogea, twamshuku waya kabla ya kumshuku mtu.

Hayo ndiyo aliyoyafanya mwalimu wetu siku ile. Kijitaa cha Caps Lock kiliwaka na kuzimika. Vitufe vya kijua havikubadilisha kitu. Tochi ilipomulikwa, tuliona picha hafifu ya ua ambalo hukaa siku zote kwenye kompyuta ile. Tukaipeleka ukumbini, tukafunga milango na kuteremsha mapazia ili mtu asisome alama za mwenzake, tukaiunganisha na projekta. Alama zote za madarasa manne zikatokea ukutani, kubwa kama mabango! Kwa muda mfupi zilikuwa zimenakiliwa kwenye flashi mbili. Kisha mwalimu akakishika kifuniko, akakishusha taratibu. Kilipofika nusu, kioo kikawaka. Akakiinua tena, kikazimika.

Fundi mwingine akaitwa, akaifungua mbele yetu. Waya ulikuwa umechubuka mahali pale pale unapokunjwa katika bawaba. Haikuwa kazi ya usiku mmoja, bali ya miaka ya kufunua kwa kuvuta pembe moja na kubeba kwa kushika kifuniko. Waya mpya uligharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kioo, na kioo kile kile kilichohukumiwa kufa chafanya kazi mpaka leo. Wala tusisahau kwamba kama tungenunua kioo kipya na waya ukabaki ule ule, huenda tungebaki na giza letu na mkoba mtupu.

Sasa nafikia jambo ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu, nalo si jepesi kwangu kulisema. Majuma mawili kabla ya siku ile, katika kipindi cha chama chetu, mimi niliifunua kompyuta ile na nikaona kioo kikimetameta, kikazimika kufumba na kufumbua, kisha kikarudi. Nilijua kwamba si kawaida. Sikumwambia mtu. Kwa nini? Kwa sababu niliogopa kuambiwa, "Wewe ndiwe uliyeishika mwisho." Nilinyamaza hata mwenzangu alipoitwa ofisini. Nilinyamaza hata mama yake alipokuja. Nilisema baada ya waya kuonekana, wakati ambapo kusema hakukuwa na gharama tena.

Najua kosa langu ni langu. Lakini wasomaji watazame jinsi jambo hili linavyokwenda. Mahali ambapo lawama hutangulia kupima, kila aonaye dalili huificha. Dalili ikifichwa, ugonjwa hukua. Ukisha kukua humwangukia yeyote aliyepita karibu siku hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ni nani atakayeonyesha ufa, ikiwa aonyeshaye ndiye atakayetozwa ukuta?

Najua pia kwamba wako watakaonipinga. Wengine watasema, "Mwanafunzi si fundi, akiruhusiwa kugusa ataharibu zaidi." Nakubali nusu ya neno hilo. Kufungua kompyuta kwa bisibisi si kazi ya mtoto asiyefundishwa. Betri iliyovimba isiguswe wala isichajiwe. Kutoa na kurudisha kumbukumbu, kubadili waya au kioo, ni kazi ya fundi, au ya mwanafunzi aliye chini ya jicho la mwalimu, umeme ukiwa umekatwa na betri imetolewa. Lakini hayo manane niliyoyataja yote hufanyika kwa nje. Kumulika tochi hakujapata kuvunja kitu.

Wengine watasema, "Bila adhabu wanafunzi hawatatunza mali ya serikali." Nami sikatai adhabu. Mwenye kuangusha kompyuta kwa mchezo na aadhibiwe. Ninachosema ni kwamba hukumu ije baada ya ushahidi. Kama katika somo la Kemia hatukubaliwi kuandika jibu kabla ya jaribio, kwa nini ofisini iwe halali? Twafundishwa kuchunguza, kupima, kisha kusema. Ikiwa sayansi huishia mlangoni mwa maabara, basi twaikariri tu kwa ajili ya mtihani.

Na wengine watasema hakuna muda. Robo saa ilitosha. Barua, fundi wa kwanza na safari za mama wa watu zilikula siku tatu.

Kwa hiyo natoa shauri langu kwa Mkuu wa Shule, walimu wetu, bodi ya shule na wazazi, kwa heshima zote. Mosi, liwekwe daftari la hitilafu katika chumba cha kompyuta, na kila aonaye dalili aiandike pamoja na tarehe, wala asiulizwe kwa ukali kwa sababu ya kuandika. Pili, hatua hizi za kupima ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Tatu, mzazi asitozwe hata senti moja kabla ya chanzo kujulikana, na fundi asilipwe mpaka aonyeshe alivyopima. Nne, alama za muhula zihifadhiwe mahali pawili siku zote, maana hata waya mzima hauzuii mwizi wala mvua.

Kwa wanafunzi wenzangu nina neno moja. Kompyuta hii imepewa jina la mpakato, na jina hilo latokana na kupakata. Mama hampakati mtoto kwa kumshika sikio. Basi tuifunue kwa katikati ya kifuniko, tuibebe kwa chini kwa mikono miwili, wala tusiivute kwa pembe. Na tukiona dalili, tuseme siku ile ile.

Msichana yule aliitwa mstarini, na mwalimu aliyemshuku akasema mbele ya shule nzima kwamba alikosea. Lilikuwa jambo la heshima, nasi tulimpigia makofi. Mama naye alipelekewa habari kwamba hadaiwi kitu. Lakini msichana mwenyewe hajarudi katika chama chetu. Ukimwomba aipeleke kompyuta ukumbini, husema mikono yake ina jasho, amtafute mwingine. Waya tuliubadilisha kwa siku moja. Hili jingine bado hatujalipatia fundi, nami naona ni kazi yangu kuanza. Jumamosi iliyopita nilimwendea nikamweleza niliyoyaona na kuyaficha. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungesema," kisha akaenda zake.

Neno hilo ndilo nililoona niwaletee, Bwana Mhariri. Tuseme mapema, tupime kwanza, tuhukumu mwisho.